Zima Redio Kwanza

Mwanangu, sogeza kiti hicho, na hiyo tableti yako iweke pembeni kidogo, haitakimbia. Kuna siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu namshukuru Mungu.

Nilikuwa daktari mwanafunzi kama wewe, nimepelekwa kujifunza kwenye kituo cha afya upande wa Ugalla. Haya mambo yenu ya kumwona bingwa kwenye video hayakuwepo hata kwenye ndoto. Kwetu kitu kipya kilikuwa redio ya upepo. Unabonyeza, unaongea, na mwalimu wangu aliyekuwa hospitali mjini Mpanda anakujibu kwa sauti inayosikika mpaka nje. Tuliringa nayo, we acha tu!

Asubuhi hiyo aliletwa binti anaitwa Kabula, ameolewa kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mume alikuwa mbali na mifugo, kwa hiyo aliyemleta ni baba mkwe. Tumbo lilimuuma, amejikunja, jasho jembamba linamtoka. Alikuwa amempa mzee mgongo, maana kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani hovyo, wala hawaongei mambo ya mwili. Kila nikimuuliza, mzee ndiye anajibu: "Ni homa tu, dokta."

Nikaita kwenye redio. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hodari kweli, lakini angejuaje nani amekaa wapi? Redio ikanguruma: "Muulize, mara ya mwisho ameona siku zake lini? Ova!"

Yesu wangu! Mzee aligeukia ukuta. Kabula akajifunika khanga kichwa kizima.

"Nimepona," akasema. "Turudi nyumbani."

Akaanza kushuka kitandani, midomo imepauka. Niliogopa, mwanangu, usinione hivi. Nilijua akivuka ule mlango tumempoteza. Nikazima redio, mwalimu bado anaongea! Nikapiga goti mbele ya mzee.

"Baba, naomba utusaidie. Gari la wagonjwa likija litapotea. Simama barabarani utuelekezee."

Mzee akatoka mbio. Gari lenyewe hata sijaliita.

Mlango ulipofungwa, Kabula akanishika mkono. "Dada, nimekosa siku zangu miezi miwili. Na tangu jana natokwa damu."

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, na damu inavujia tumboni. Nikawasha redio, safari hii nimeipunguza sauti, nikaomba gari na damu. Gari likaja, na yule mzee kweli alikuwa barabarani, anapunga fimbo kama mwendawazimu! Kabula akapasuliwa siku ileile, akapona.

Nilitegemea mwalimu anigombeze kwa kumzimia redio. Akaniambia, "Ungeniacha niendelee, tungezika." Kisha akaagiza redio ihamishiwe chumba cha peke yake.

Siku ya kumchukua mkwe wake, mzee alisimama nje ya mlango, sisi tuko ndani. "Dokta," akasema kwa sauti, "mwambie huyo mama boma zima linamsubiri."

Kabula, machozi yanamtoka, akanijibu mimi: "Mwambie baba nimesikia."

Walikuwa wanasikiana vizuri tu, lakini nikafikisha yote mawili, neno kwa neno. Nilijiona daktari siku hiyo kuliko siku niliyopewa cheti.

Sasa nyie mna video, mna bima, na kesho yatakuja mengine. Yapokeeni kwa mikono miwili. Bila ile redio nisingepata gari. Ila wewe ndiye utakuwa daktari wa nyumba nzima, mkwe na baba mkwe wote wako. Kabla hujawasha chochote, tazama nani yupo chumbani, na nani hawezi kusema mbele ya nani. Huyo anayemzuia mwenzake kusema mtoe kwa heshima, ndipo uulize.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wagonjwa wanaokuamini, na kila utakayempokea akiwa amebebwa, arudi kwao anatembea.