Ajali Niliyoitangaza Ziwani

Mimi ni mtangazaji wa redio Bariadi, mtoto wa wakulima wa pamba. Bosi alinituma Busega, kando ya ziwa, kwa ripoti yangu ya kwanza ya moja kwa moja. Nikiharibu, narudi kusoma salamu za wasikilizaji. Karibu na ufuko nikaona mtumbwi wa mbao umezama kwenye maji ya kiunoni. Nikaacha simu ufukoni, nikapiga mbizi, nikakuta umejaa mawe. Nikaifuata simu, nikapiga studio, nikarudi kwenye mtumbwi nikitangaza ajali, huku natoa mawe moja moja na kuwaeleza wasikilizaji ni mzigo gani. Mtumbwi ukaibuka.

Mama mmoja akaja mbio. “We baba, rudisha mawe yangu! Nimeuzamisha mwenyewe, mbao zivimbe zizibe nyufa!”

Kisha akainamia simu mkononi mwangu, bado iko hewani. “Jamani, hakuna aliyekufa. Ila huyu wenu, njooni mumchukue.”