Nyumba ya Jean-de-Dieu

Jean-de-Dieu alipotelea kwenye njia ya Beni, akimwachia mkewe Kaswera mchoro wa nyumba yenye nguzo za mviringo kama za kanisa la misheni. Kaswera, muuza vitenge wa soko la mpakani la Bwera, akaijenga. Fremu ya chuma iliposimama, alizungumza na mumewe kana kwamba yupo, katikati ya vyuma vitupu. Nguzo zilipovikwa saruji na maua ya plasta yakabandikwa darini, alimuuliza kama yamempendeza, kisha akangoja jibu. Mafundi walizoea kuzima redio kila alipoanza.

Rangi ilipokauka, shemeji yake Caleb alifika na shina la mgomba begani. Kwao, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa shina hilo.

“Shemeji, tumuzike. Bila ile, hauwezi kulala humu.”

“Mutu iko ku njia, Caleb. Munamuzikaje?”

“Miaka yote hii? Hata konokono ingekuwa ilishafika.”

Hakuna aliyecheka. Kwa agizo la Caleb, mafundi walichimba shimo nyuma ya nyumba, wakalipima kwa shina lile. Kaswera aliwatazama kutoka barazani mpaka walipotaka kulishusha. Ndipo akawaendea.

“Muongeze shimo,” akasema. “Alikuwa murefu.”