Macho ya Pacha wa Pili

Mchoraji yule alikuwa Mflamandi, na ukimwita Mbelgiji tu alinuna siku nzima. Alifika Kalemie mji ungali unaitwa Albertville, akawachorea mabibi wa wakubwa wa reli mashamba tambarare ya kwao. Wakubwa walipoondoka yeye alibaki, akaanza kuchora ziwa na sisi akina mama tunaoanika ndagala, dagaa wa kwetu. Miaka ya Zaire ilimkuta mzee, mkono unatetemeka, akaamua kurudi kwao.

Picha yake ya mwisho ilikuwa ya ufuko wetu. Alipoiweka nje watu waiage, nilishtuka: kati ya mabinti zangu mapacha alikuwa amemchora mmoja tu. Kwetu mapacha hawabaguliwi hata kwa kitambaa. Anayenyimwa hukasirika, akafa, akarudi alikotoka. Na yule aliyeachwa alikuwa na homa tangu jana yake, dawa za dispanseri hazikumsaidia kitu, na mzee na picha yake walikuwa wapande boti ya Kigoma mchana uleule.

Nilimbeba mtoto hadi kwa mzee. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Aling'oa misumari ya sanduku alimokuwa amekwisha kuifungia picha, akaitoa, akamchora mwanangu kando ya mwenzake. Alipofika kwenye macho akasita, kwa sababu mtoto alikuwa amezama usingizini, hata nikimtikisa haamki. Kumchora amefumba nisingekubali kamwe; ningekuwa nimemzika kwa mkono wangu.

Mzee akasema basi atachukua macho ya pacha mwenzake, maana sura ni moja.

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Ile ni macho ya mwenzake. Ungoje ya kwake."

Honi ya boti ikalia bandarini. Niliogopa mzee atanyanyuka, na niliogopa zaidi kumtazama mtoto. Nikawa nampangusa kwa maji, nasali Salamu Maria na kuyachanganya maneno. Honi ikalia tena. Mzee hakugeuza hata shingo. Rangi ilimkaukia kwenye brashi, na boti ikaondoka.

Jioni mwanangu alifumbua macho, akaomba maji. Mzee akachora upesi, nami nalia bila aibu.

Ilibidi angoje boti nyingine. Kila asubuhi alipita kwetu, akamwinua mtoto kidevu, akamtazama macho kwa muda mrefu. Eti anahakikisha rangi. Picha yenyewe ilikuwa imekwisha kurudi sandukuni, imepigiliwa misumari.