Msimchukue Kabla Hajatengeneza

Kuna nchi moja ya baridi kaskazini mwa Ulaya inayotoa kibali cha ukaazi kwa watu walioanzisha kampuni changa na wanaotaka kuzikuzia huko. Niliomba. Kampuni yangu wakati huo ilikuwa chumba kimoja cha nyumba isiyopigwa plasta kule Bweri, meza moja, na visanduku sita vya kunusa mvua. Kisanduku unakifunga kwenye nguzo karibu na vichanja vya kuanikia dagaa. Hewa ikianza kubadilika, kinapiga simu za akina mama wote wa kikundi, nao wanakimbia kuanua. Dagaa wakilowa mara moja tu, hao ni chakula cha kuku.

Visanduku sita vilikuwa vimenimaliza. Kutengeneza vya kutosha ziwa zima kunataka mafundi na vifaa ambavyo sikuwa navyo, na huko vipo. Niliitaka ile safari kwa hamu ambayo mpaka leo naona aibu kuisema.

Kwenye orodha ya nyaraka walitaka barua tatu za watu wanaokifahamu unachotengeneza. Sisi tuliokulia Mara barua ya kumwandikia mtu tunaijua moja tu, ya utambulisho, na sikufikiria kwamba kuna nyingine. Mwenyekiti wa mtaa wa Nyakato, anakoishi mama yangu, aliandika kwamba mimi ni mkazi halali na sijawahi kugombana na jirani, jambo ambalo si kweli sana. Baba yangu mdogo wa Butiama alianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", akataja ukoo wetu hadi babu wa nne, akathibitisha kwamba hajatoka humo mwizi wa ng'ombe. Mtendaji wa kijiji aliigonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia.

Ya tatu niliifuata Kibara, kwa mama mwenyekiti wa kikundi cha wakaushaji dagaa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniruhusu kufunga kisanduku kwenye nguzo yake, watu wengine wakinicheka. Alinipa bahasha aliyoibandika kwa uji wa muhogo.

"Usifungue," akasema. "Barua ya kukusema wewe, wewe huisomagi."

Sikufungua. Nilipita Bunda, nikafika Musoma, nikamkabidhi mwalimu mstaafu aliyekuwa akinitafsiria. Naye alikuwa na msimamo uleule. Alizitafsiri zote, akaziskani, akazituma mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kibarazani kwake nakunywa chai. Ningeweza kuchungulia, najua. Lakini nililelewa na mama ambaye akikutuma na barua, unaifikisha ilivyo.

Mahojiano yalikuwa kwa video, asubuhi, nyumbani kwa mama, maana Nyakato mtandao haukatiki sana. Mama alikwenda kumwomba mwenye mashine ya kusaga apumzishe mashine yake kwa saa moja, kisha akaketi nyuma ya pazia kuomba kwa kunong'ona. Watu watatu wakatokea kwenye kioo. Nilikuwa nimekariri soko, washindani na mipango ya miaka mitano. Mwanamke aliyekaa katikati akafungua karatasi.

"Tuambie kuhusu mbuzi," akasema.

Nilidhani sauti imekatika. "Mbuzi yupi?"

Akanisomea barua ya Kibara. Ilisema hivi: "Nawaomba msimchukue kabla hajatengeneza. Kisanduku chake kinapiga simu hata mbuzi akijikuna kwenye nguzo. Tumekimbia bure mara nyingi na watoto mgongoni. Lakini wiki kilipozimika tulipoteza dagaa wa siku mbili, kwa sababu kuangalia mawingu tulishaacha. Ametuzoesha. Mtu akishakuzoesha hawezi kuondoka hivihivi. Kama mnamtaka, subirini kama sisi tulivyosubiri."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Mimi hasira zangu ziko karibu, na dakika ile ningeweza kufunga kompyuta niende Kibara nikang'oe kisanduku changu. Kwa kuwa uongo haukunijia haraka, nilisema ukweli: mbuzi ni wa huyo mama mwenyewe, nguzo ni ya mti na inayumba, na kisanduku kikitikiswa hudhani ni upepo wa mvua. Tulimzungumzia mbuzi mpaka mashine ya kusaga ikawashwa tena.

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Nimepewa. Waliandika kwamba barua mbili za kwanza hawakuzielewa vizuri, ila ya tatu iliwaonyesha mteja asiyekubali kunyang'anywa kitu anachokitumia, na hicho ndicho walichokuwa wanatafuta.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilifurahi siku moja, ya pili nikaanza kuogopa. Mtu mzima alikuwa ameomba kwa maneno ya wazi nisichukuliwe. Nikaenda Kibara.

Nilimkuta akigeuza dagaa kwenye kichanja. Nikamwamkia, nikamwambia wamenipa.

"Barua yangu hawakuisoma?"

"Waliisoma, mama. Hiyo ndiyo iliyonipa."

Mkono wake ukatulia juu ya dagaa. "Yaani nimesema ubaya wako, ndo wakakupenda?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika kiuno, akawaita wenzake waje wasikie mambo ya Wazungu. Kisha akaacha kucheka. "Na nilichoomba kiko palepale," akasema.

Nikakaa kwake siku kumi na moja. Nilisimamisha nguzo ya chuma, nikaizungushia miiba, nikamfundisha binti yake kufungua kisanduku na kubadilisha betri. Mbuzi akahamia kujikuna kwenye ukuta wa jiko. Hapo ndipo mama yule alipotamka mwenyewe kwamba naweza kwenda.

Asubuhi ya kuondoka alinipa bahasha nyingine, uji haujakauka vizuri.

"Humu nimekusifia. Nimekusifia mpaka nikachoka. Kama ubaya wako uliwafanya wakuchukue, sifa zitawafanya wakuachie. Siku ukichoka huko, wape."

Nina miezi saba huku sasa. Kazi inakwenda, chakula nimekizoea, na nacheka kila siku kuliko nilivyotarajia. Mwezi wangu wa kwanza huku, jua lilipokosekana wiki mbili mfululizo, nilivaa koti, nikachukua bahasha ile, nikaenda nayo hadi kituo cha basi linalokwenda ofisi ya uhamiaji. Basi likaja, mlango ukafunguka. Dereva akaniuliza kama napanda. Nikamwambia bado.