Fundi Asiyefungua Mkoba

Fundi wetu wa taipureta huvua makubadhi mlangoni mwa ofisi kama anayeingia msikitini. Kucha ya kidole chake cha mwisho ameifuga makusudi, ya kuchokolea wino ulioganda kwenye herufi. Ukimwambia mashine imeharibika, hujibu taratibu, "Hiyo ni hukumu. Nieleze ilifanya nini."

Juzi mkuu wetu, Ndugu Mfaume, aliapa kwamba mikono mizito ya Kuluthumu, mpiga chapa wake, ndiyo inayokwamisha mashine, na Jumatatu atamhamishia Urambo. Fundi hakufungua mkoba wake wa vifaa. "Mwanangu, hebu chapa." Kuluthumu akachapa ukurasa mzima bila kukwama. "Sasa Ndugu Mfaume, msomee kama kawaida yako." Mkuu akaja na majalada yake ya vijiji vya ujamaa, akayatua kushoto kwa mashine, akaanza kusoma. Kuluthumu alipofika katikati ya mstari, roli ya karatasi, ikisogea kushoto kwa kila herufi, ikagota kwenye majalada, ikasimama. Fundi akayasukuma kando kwa ile kucha, moja moja, na mstari ukaendelea mpaka kengele ikalia. Fundi alikuwa keshavaa makubadhi Kuluthumu aliposema, "Endelea kusoma, Ndugu Mfaume. Nakusikiliza."