Kitanda cha Dirishani

Kosa lilianzia kwenye funguo. Fundi alifunga kibanda chake cha ushonaji alfajiri, akazining'iniza funguo kiunoni kwa utepe kama alivyozoea, kisha akapanda gari kwenda chuoni kuanza mwaka wa kwanza. Mwanamke wa makamo, kanga mabegani, begi kichwani, na kicha cha funguo kinacholia kila anapopiga hatua: nani mwenye akili timamu angemdhania mwanafunzi?

Aliyempokea kwenye mlango wa bweni la wasichana alikuwa binti wa mwaka wa pili, aliyevalishwa kizibao cha manjano chenye maandishi "Niulize" mgongoni. Hakungoja kuulizwa.

"Shikamoo, mama! Afadhali umefika. Tuliambiwa matroni anaumwa, ataletwa wa kumshikia nafasi. Hebu lete begi. Maji hayatoki ghorofa ya pili, halafu kuna mmoja huko juu analia tangu asubuhi."

Fundi alifungua kinywa aseme, mimi ni mwenzenu. Lakini shikamoo ina jibu moja tu, nalo lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Mtu akishaitikia marahaba, kugeuka na kusema "nami ni mgeni kama nyie" ni sawa na kuvua nguo sokoni. Akapelekwa chumba cha matroni, chenye kitanda kipana na birika la umeme, akajiambia atawaeleza akishakunywa chai. Chai ikanyweka. Hakueleza.

Hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa kifungua mimba, na mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyetolewa shule ili wengine wabaki. Akawashonea wadogo zake sare mwaka hadi mwaka, akijua mabega ya kila mmoja kwa kidole, huku mwenyewe akibaki na ile sketi yake ya shule, imekunjwa chini ya sanduku, haimtoshi tena hata mguu. Aliyemrudisha kwenye vitabu ni kitindamimba, sasa mwalimu, aliyemkalisha mezani kila jioni hadi akafaulu mtihani. "Dada," alipenda kumwambia, "elimu haina mwisho." Fundi alikuwa ameshagundua kwamba methali hiyo hupendwa zaidi na waliokwisha kumaliza.

Wiki ikaenda hivyo, na huyo wa kumshikia matroni hakuletwa. Wenzake walitembezwa maktaba, zahanati na madarasani. Yeye alizibua sinki, akapatanisha wawili waliogombea kamba ya kuanikia, akashona zipu za watu asiowajua. Mdogo wake akapiga simu.

"Dada, maktaba umeiona?"

"Nimeiona." Aliiona kweli, kupitia dirisha, huku akikamua tambara la deki.

"Na hao vijana, wanakuheshimu?"

"Mno," akasema. Hapo hakudanganya hata kidogo.

Yule aliyekuwa akilia ghorofani alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi. Wenzake walishambatiza Masika. Kila jioni alishuka kwa matroni na swali lile lile.

"Mama, mwenzangu wa chumba hajafika tu?"

"Atakuja."

"Nimemwachia kitanda cha dirishani. Nimekitandika kabisa."

"Umefanya vizuri. Kunywa chai."

Masika alikunywa na kusema kidogo kidogo, kama anayelipia kila neno. Tangu azaliwe alilala kitanda kimoja na bibi yake. Bibi wamemzika juzi juzi. "Sijui kulala chumba chenye pumzi moja, mama. Najisikiliza mwenyewe mpaka nachoka."

Fundi alimtazama, akamwongezea sukari. Ni jambo la ajabu jinsi sukari inavyoweza kushika nafasi ya ukweli, kwa muda.

Kisha jioni moja Masika hakuketi.

"Wametangaza ukumbini. Kesho asubuhi msajili anaita majina. Asiyeitika, nafasi yake anapewa mwingine." Akavuta kamasi. "Nakuomba mama, kama una namba yake, mpigie. Labda ameuliza watu, wakamwambia chumbani kuna mtu wa kulialia. Mwambie mimi si msumbufu. Nitalia nje."

Akapanda ngazi. Fundi alibaki akilitazama birika. Ameogopa kuchekwa, na kuogopa kwake kumemwangukia mtoto wa watu. Na nafasi ile iliyomgharimu mdogo wake jioni zote zile ingekwenda kwa mwingine, yeye akiwa hapo chini ana tambara mkononi. Akachukua begi lake na barua ya chuo yenye namba ya chumba kile, akapanda.

Alipoliweka juu ya kitanda cha dirishani, Masika aliruka.

"Hapana, mama! Hicho ni cha mwenzangu."

"Ndiyo mimi."

Masika alimtazama kuanzia kanga hadi funguo, na kurudi.

"Yaani nilikuwa nakuulizia wewe kwako wewe?"

"Ndiyo."

"Na ukaniambia atakuja!"

"Nilitegemea atakuja."

"Siku zote nalia humu, kumbe wewe uko chini unapiga chai!"

Fundi alikuwa na majibu mengi ya kimatroni. La mwanafunzi hakuwa nalo hata moja. "Niliogopa," akasema.

"Mtu mzima! Ulimwogopa nani?"

"Nyinyi."

Masika akageukia ukuta. Fundi akafungua utepe kiunoni, akazifukia funguo chini kabisa ya begi, akalala. Chumba sasa kilikuwa na pumzi mbili, moja imekasirika.

Asubuhi aliamka akakuta mwenzake ameshatoka. Akaenda ukumbini peke yake. Yule binti wa kizibao cha manjano alimwona akiingia.

"Jamani, mpisheni matroni! Mama, kiti chako kiko mbele kule na walimu."

Safu nzima ikasimama kwa adabu. "Shikamoo, mama! Shikamoo!" Na katikati ya shikamoo hizo msajili akasoma jina ambalo hakuna aliyemwita kwalo tangu siku ile alipotolewa darasani. Hakuna aliyeitika. Msajili akalirudia, kalamu ikiwa imeinuliwa tayari kukata.

"Nipo!"

"Mama," Kizibao akamnong'oneza kwa huruma, "wanaita wanafunzi."

"Najua. Nipo!"

Vichwa vikageuka. Halafu mtu akacheka huko nyuma, kicheko kile kile alichokisikia kichwani tangu nyumbani. Kisha wengine wakamfuata. Kizibao alijiziba mdomo. Fundi akasimama palepale, mikono ikitafuta funguo ambazo hazikuwepo, na wale waliompisha bado wamesimama, hawajui kama adabu inawataka waketi au wabaki.

"Si mkae chini!" ikasema sauti ndogo, safari hii bila kuomba radhi. Ilikuwa ya Masika, katikati ya safu. Alikuwa ameinua sweta lake kutoka kiti cha pembeni. "Ana kiti chake hapa."

Fundi akapenya kati ya magoti ya watu. Masika hakumtazama. Alivuta miguu tu, ili apite.