Bakuli Lililosuuzwa Baharini

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikawa mama kwa wadogo zangu wawili. Nilipata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya udongo mjini Mahajanga; wao wakabaki na bibi kisiwani Nosy Be, kwenye shamba la marehemu. Uhuru ulikuwa mchanga bado, na serikali ilikuwa ikigawa miche ya mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato. Sharti lilikuwa moja: udongo usiwe mchachu kupita kiasi. Ami yetu alikwisha sema kwamba tukikosa miche atalichukua shamba, na watoto watagawanywa, mmoja huku, mmoja kule.

Nilipopata likizo nilikwenda nikachimba udongo mwenyewe, nikauleta maabara katika bakuli la nyumbani. Jibu lilitoka kwa wino mwekundu: mchachu mno.

"Pole, binti," mkuu wa maabara aliniambia. "Udongo hauna upendeleo."

Sikulia. Niliitazama bilauri waliyopimia. Maji yaliyosimama juu ya udongo yalikuwa maangavu, nami nikashangaa. Shamba letu limejaa majani yaliyooza. Ukilitia maji ya mvua hutoa rangi ya chai, na rangi hiyo ndiyo asidi ya majani. Imekwenda wapi?

Miaka miwili ya kuosha chupa ilikuwa imenionyesha mengi. Niliwahi kuona asidi ikijificha ndani ya spiriti, karatasi ya kupimia isibadilike ila kidogo. Ndani ya maji ya chumvi mambo yalikuwa mengine: uchachu ulioshikamana na udongo ulisukumwa nje, na ile rangi ya chai ikaganda, ikazama.

Chumvi! Nikalikumbuka bakuli. Kwetu vyombo husuguliwa kwa mchanga na kusuuzwa baharini. Maji matamu ni ya kunywa na kutawadha. Bakuli langu nililisuuza vivyo hivyo, nikatia udongo likiwa bado na maji ya bahari chini. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umetaka kutunyang'anya shamba.

Nilipoomba kipimo cha pili, mafundi walicheka, mmoja akasema kwa Kimalagasi chao cha bara:

"Haya, mwosha chupa kawa profesa!"

"Profesa anaomba bilauri mbili tu," nikajibu.

Asubuhi iliyofuata nilikuja na chupa ya maji ya bahari kutoka ufuko wa Amborovy. Nikachukua udongo wa chini ya mti uani pa maabara, nikaugawa: nusu katika maji safi, nusu katika yale ya bahari. Tukangoja. Ya kwanza ikawa chai, ya pili ikang'aa. Mkuu akachovya karatasi mwenyewe. Ile ya bahari ilionyesha uchachu zaidi, na udongo ni uleule.

Hakucheka. "Lete udongo mwingine," alisema. "Na bakuli ulioshe kwa maji ya mvua."

Nilirudi Nosy Be, na safari hii bakuli nililiosha mara tatu, nikalikausha juani. Jibu likatoka kwa wino wa buluu: unafaa.

Nilishuka Nosy Be na miche arobaini ndani ya makapu. Mdogo wangu wa kike alinipokea ufukweni.

"Zoky," aliniita, kama tumwitavyo mkubwa wetu, "umewahonga nini?"

"Maji ya bahari."

Ami alikuja kutazama tukipanda. Alisimama kidogo mpakani, kisha akauliza jembe liko wapi. Nikampa, nikamwonyesha pa kuanzia.